Balbu ya Mwisho: Historia Fupi ya Giza la Bafuni

Katika nyumba nyingi za Kenya zilizopata stima pole pole, balbu ziliingia kwa mpangilio unaofanana sana. Ya kwanza ilikwenda sebuleni, kwa sababu wageni huketi hapo. Ya pili chumba cha wazazi. Ya tatu ikafungwa nje juu ya mlango, kwa ajili ya wezi. Jikoni palingoja, maana moto ulikuwa na mwanga wake. Bafu lilikuja mwisho, kama pesa zilibaki. Mara nyingi hazikubaki.

Nimeufikiria sana mpangilio huu mwaka huu kwa sababu mimi na ndugu zangu tunakarabati nyumba ya wazazi huko Keringet, Kuresoi Kusini, kaunti ya Nakuru. Wengi wenu mnaijua Keringet kama jina kwenye chupa ya maji. Kwetu ni mahali pa chai, viazi na ukungu, kwenye barabara ya kutoka Molo kwenda Olenguruone, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuoga jioni huko ni uamuzi mzito. Bafu la zamani lilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka choo cha shimo. Bafu jipya linaingia ndani ya nyumba: taili, sinki, kioo, na ile shawa inayopasha maji papo hapo.

Ubishi ulianza fundi wa stima alipouliza tunataka pointi ngapi za taa bafuni. Kaka yangu akasema moja, katikati ya dari, kama kwa kila mtu. Dada yangu akasema tatu: moja ya dari, na moja kila upande wa kioo. Mama, ambaye ndiye mwenye bafu, akacheka. "Taa tatu za bafu? Kwani ni nani atakuja kutuangalia huko?"

Swali hilo lina historia ndefu kuliko Mama mwenyewe. Ndani yake kuna wazo kwamba taa ni ya macho ya wengine: mgeni, mwizi, jirani anayepita barabarani. Mahali ambapo hakuna anayekuangalia, taa ni anasa. Lakini bafuni kuna mtu mmoja anayehitaji kuona, naye ni wewe. Mama ana kisukari. Daktari alimwambia akague nyayo zake kila siku, katikati ya vidole na chini ya kisigino, atafute kidonda kabla hakijawa kidonda. Hiyo ni kazi ya macho kama ilivyo kushona nguo. Haifanyiki gizani.

Tuanze na jua. Wazee wetu hawakukosa mwanga wa kazi, yaani mwanga unaoelekezwa pale mkono unapofanya jambo, tofauti na ule wa kumulika chumba kizima. Waliupata bure. Nikiwa mtoto nilimwona Mzee akinyoa ndevu nje asubuhi, kioo kidogo kikining'inia kwenye msumari wa nguzo, uso wake ukielekea mashariki. Wanawake walisukana nywele mlangoni, anayesukwa akikaa chini na msusi akijipanga ili kivuli chake kisianguke kichwani. Mwiba ulitolewa mchana, juu ya kigoda, mguu ukiwa umeinuliwa kuelekea jua. Kazi zote za mwili zilizohitaji macho zilikuwa na saa zake, na saa hizo zilikuwa za mchana.

Kuoga tu ndiko kulikohamia upande wa giza, na kulikuwa na sababu. Bafu la nje ni kuta nne fupi na paa hakuna, au kuta zenyewe ni magunia. Heshima ilitaka uoge jioni, kiza kikianza kukufunika. Giza lilikuwa pazia, na kwa hiyo hakuna aliyelilalamikia. Shida ilianza baadaye, pale kioo, sinki, wembe na kabati la dawa vilipoingia bafuni, na giza likabaki humo humo.

Si kila mahali Afrika Mashariki bafu lilikuwa nje. Pwani ilikuwa na mazoea mengine. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, mji ulioachwa kufikia karne ya 17, nyumba za mawe zilikuwa na vyoo na sehemu za kuogea ndani. Lamu, nyumba kubwa za zamani zina birika la maji bafuni, na humo waliweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Unguja, Seyyid Said alijenga hamamu za Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mke wake Shehrazad, binti wa ukoo wa kifalme wa Uajemi. Baadaye Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga hamamu za watu wote mjini, na mtaa wenyewe unaitwa Hamamni hadi leo. Ukiingia hamamu za namna hiyo utaona walivyofikiri: mwanga unaingia kupitia matundu ya juu kwenye kuba. Unaona unakokanyaga, na hakuna wa nje anayekuona. Faragha na mwanga viliwezekana pamoja, kwa sababu mjenzi aliviwaza vyote viwili kabla ya kuweka jiwe la kwanza.

Barghash huyo huyo ndiye anayefungua hadithi ya stima. Kampuni ya Kenya Power ikisimulia historia yake huanzia mwaka 1875, Sultani aliponunua jenereta ya kumulika jumba lake na mitaa ya karibu. Ona mpangilio: jumba, halafu barabara. Mwaka 1908, Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, aliichukua jenereta hiyo, na kampuni ya umeme ya Mombasa ikaundwa. Mwaka huo huo Nairobi nayo ikapata kampuni yake. Mwaka 1922 hizo mbili ziliungana zikawa East African Power and Lighting, jina lililodumu hadi 1983 lilipobadilishwa kuwa Kenya Power and Lighting.

Stima hiyo ilifuata pesa. Ilikwenda bandarini, kwenye karakana za reli, mitaa ya Wazungu, maduka na viwanda. Mwaka 1954 iliundwa kampuni ya kujenga nyaya za kuleta umeme wa Owen Falls kutoka Uganda hadi Nairobi. Nyaya hizo zilikatiza Bonde la Ufa, juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakiwasha koroboi. Mpango wa serikali wa kupeleka umeme vijijini ulianza mwaka 1973, miaka kumi baada ya uhuru. Mwaka 1981 mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, ulianza kuzalisha umeme. Ndiyo, Nakuru hii yetu, ambayo ardhi yake inachemsha maji bila kuni. Sisi tuliokuwa upande wa Mau tuliendelea kununua mafuta taa kwa chupa.

Kama hujawahi kuishi na koroboi, basi nikueleze. Ni kopo la bati, utambi wa pamba umepita katikati ya kifuniko, mafuta taa chini. Haina kioo cha kukinga upepo. Ukiibeba nje inazimika. Ukiiweka chini bafuni, tone moja la maji linaizima pia. Taa ya chemni ilikuwa bora, na karabai ya kupigwa pampu ilikuwa ya harusi, matanga na watu wenye duka. Kwa vyovyote, taa ya mafuta ilikuwa moja au mbili kwa nyumba nzima. Mtoto akisoma nayo, mwingine hawezi kwenda nayo kuoga. Taa ikiwa moja, lazima mtu aamue kazi ya nani ni muhimu zaidi, na nyayo za mama hazikuwahi kushinda mtihani wa darasa la nane.

Ndiyo maana wengi wetu taa yetu ya kwanza ya bafuni ilikuwa simu. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 ikiwa na tochi ndogo juu ya kichwa chake. Iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na hapa Kenya simu za aina hiyo zikapewa jina lililotosha: mulika mwizi. Hata jina la tochi lilikuwa la kumtazama mwingine! Lakini kazi yake halisi usiku ilikuwa nyingine. Uliiweka kwenye mbao ya mabati ikielekea juu, au uliishika kwa meno huku mikono ikitafuta sabuni. Wanawake waliitumia kwenda chooni na kurudi. Ilikuwa taa ndogo, ya mtu mmoja, inayoelekezwa pale unapotaka kuona. Ukifikiria vizuri, hiyo ndiyo maana kamili ya taa ya kazi.

Na hapa mambo yanaacha kuwa ya taili na mapambo. Mwaka 2010 Amnesty International ilitoa ripoti kuhusu wanawake wa mitaa ya mabanda ya Nairobi. Iliandika juu ya wanawake wanaoogopa kwenda chooni au bafuni usiku kwa sababu ya hatari ya kushambuliwa njiani: vyoo viko mbali na mlango, njia ni giza. Wengine hubaki ndani na kujisaidia kwenye mfuko. Mtu akikuambia taa ya bafu ni mambo ya watu wa Instagram, mkumbushe hilo. Bafu lenye giza lina gharama, na anayeilipa mara nyingi ni msichana, mama mjamzito, au mzee.

Stima ilipofika vijijini kwa wingi, ilifika na hesabu yake. Mradi wa Last Mile ulizinduliwa mwaka 2015, na ada ya kuunganishwa ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Katika sensa ya 2009, chini ya robo ya nyumba za Kenya zilitumia umeme wa gridi kwa mwanga. Kufikia sensa ya 2019 ilikuwa takriban nusu, asilimia 50.4, na wengine wengi wakiwa na sola. Ni badiliko kubwa sana kwa miaka kumi. Lakini kuunganishwa kwenye nguzo ni jambo moja, na nyaya za ndani ni jingine. Fundi hulipwa kwa pointi: kila taa, kila swichi, kila soketi ina bei yake. Basi familia inakaa chini na kupanga foleni ya vyumba. Mnajua nani husimama mwisho.

Bafu likibahatika, lilipewa balbu moja katikati ya dari na swichi nje ya mlango. Hiyo swichi ya nje nayo ni historia. Kanuni za nyaya tulizirithi kwa Waingereza, na wao hawataki swichi ya kawaida karibu na mikono yenye maji. Kwao hutumia swichi ya kamba inayovutwa kutoka darini, au huiweka nje. Sisi tukachukua ya nje. Watoto wote wa Kenya waliokulia kwenye nyumba yenye ndugu wanajua matokeo: uko na sabuni machoni, stima inazimwa, na mtu anakimbia akicheka korido nzima.

Balbu moja ya dari ina tatizo ambalo halionekani mpaka usimame mbele ya kioo. Sinki huwa ukutani, balbu huwa katikati ya chumba, kwa hiyo unaposogea kujitazama mwanga unabaki nyuma yako. Kichwa chako kinaufunika. Uso unaokutazama kwenye kioo una mashimo meusi chini ya nyusi na kivuli chini ya kidevu. Unanyoa kwa kukisia. Unapaka wanja kwa kukisia. Unasoma maandishi madogo ya chupa ya dawa kwa kukisia, na hapo kukisia si mchezo.

Dawa ya tatizo hili ilijulikana kabla ya stima. Katika majumba ya Ulaya, mishumaa ilipangwa pande zote mbili za kioo. Vyumba vya waigizaji vikapanga balbu kuzunguka kioo kizima, kwa sababu mwanga wa mbele hauachi kivuli usoni. Gillette ilianza kuuza wembe wake wa nyumbani mwaka 1903, na mwanamume aliyekuwa akinyolewa na kinyozi akaanza kujinyoa mwenyewe. Kioo na taa yake vikawa sehemu ya kawaida ya bafu la tabaka la kati huko Marekani na Uingereza.

Kwetu ujuzi huo haukupitia bafuni. Ulipitia kwa kinyozi. Nenda senta yoyote ya Bonde la Ufa, hata iwe na maduka kumi tu. Stima ikifika, kati ya wa kwanza kuunganishwa ni kinyozi, maana mashine yake haiendi bila umeme. Angalia alivyopanga taa. Tyubu iko juu ya kioo, mbele ya mteja, wala haiko nyuma ya kiti. Wengine siku hizi wamezungushia kioo mkanda wa LED. Kinyozi akikata laini ya kipaji vibaya anapoteza mteja, kwa hiyo hakungoja mtu amfundishe. Nilimwambia kaka yangu: wewe hulipa kinyozi Keringet ukae mbele ya mwanga mzuri kila wiki mbili, halafu unataka Mama akague miguu yake chini ya balbu iliyo kisogoni. Akanyamaza kidogo.

Kilichobaki kilikuwa gharama, na hapo historia imetupendelea. Mwaka 2014 Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kuvumbua LED ya mwanga wa buluu, ile iliyowezesha LED nyeupe. Balbu ya zamani ya wati 60 leo nafasi yake inachukuliwa na LED ya wati 8 au 9. Tulipiga hesabu mezani. Taa mbili za kioo, wati 5 kila moja, zikiwashwa saa moja kwa siku, ni uniti 0.3 kwa mwezi. Shawa ya kupasha maji ya wati 5,500 ukiitumia dakika kumi inakula zaidi ya uniti 0.9. Yaani kuoga mara moja ni sawa na miezi mitatu ya taa za kioo. Hakuna aliyebishana kuhusu shawa.

Nikupe na mpango wenyewe, huenda nawe unajenga au unakarabati. Taa za kioo ziko pande mbili, usawa wa macho ya Mama, ambaye si mrefu. Ni za mwanga wa rangi vuguvugu, si ule mweupe mkali unaoitwa daylight ambao umejaa madukani na unaofanya bafu lifanane na wadi. Zina alama ya IP44, yaani maji yakizirukia haziharibiki, na ziko zaidi ya sentimita 60 kutoka eneo la shawa. Shawa ina waya wake mnene na breka yake, waya wa ardhini umefungwa kweli, na kuna kifaa cha kukata umeme ukivuja. Volti 240 na mwili uliolowa havina mzaha, kwa hiyo kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Karibu na kigoda cha kukalia tumeweka taa ya tatu, chini, inayomulika nyayo. Ikiachwa usiku inatosha kumwonyesha mtu njia bila kumchoma macho.

Hiyo ya chini ndiyo iliyomshinda Mama kuipinga. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20. Sisi wenye macho ya kijana ndio tuliokuwa tunaamua balbu moja inatosha. Alipokubali, alitoa sharti: swichi zote zibaki nje ya mlango, apate kujua ni nani ameacha taa ikiwaka.

Ubishi wetu ulikuwa rahisi kwa sababu nyumba ina mwenyewe. Kwenye ploti za Nakuru na Nairobi, ambako wengi wanaosoma hapa hulipa kodi, bafu ni moja kwa vyumba vinane na swali ni la zamani zaidi: stima ya bafu iko kwenye mita ya nani? Landilodi anasema ya wapangaji. Wapangaji kila mmoja ana tokeni zake. Balbu ikiungua inakaa hivyo miezi, kila mtu anakwenda na simu yake, na wa chumba cha mwisho anaoga kabla giza halijaingia. LED moja ya wati 9 ikiwaka saa kumi na mbili kila usiku inakula uniti zipatazo tatu kwa mwezi. Zigawanye kwa vyumba vinane, halafu muulize landilodi tena.